Kocha Pyo na Miaka Arobaini ya Pasi za Pembeni

Bwana Pyo Chun-bae, kocha mkuu wa Klabu ya Soka ya Uljin, anastaafu rasmi Jumamosi hii, tarehe 30 Novemba 2024, baada ya kuitumikia klabu yetu kwa miaka arobaini, miezi minane na siku kumi na moja. Siku hizo kumi na moja amezihesabu mwenyewe na ameagiza zisiachwe.

Wasifu huu ulikuwa uandikwe na ofisi yetu ya habari. Na kweli uliandikwa, kurasa mbili nzima, ukiwa na "nguzo" mara sita na "hazina" mara nane. Mke wa Kocha akausoma kwenye meza yake ya kuuzia kaa wa baharini pale sokoni Jukbyeon, akaurudisha ukiwa umelowa maji ya chumvi, akauliza, "Huyu marehemu ni nani?" Hapo ndipo Mwenyekiti Eom alipoikabidhi kazi hii kwangu, mimi Seok Yeon-hwa, mfuaji na mtunza jezi wa klabu tangu mwaka 1993. Hoja yake ni kwamba mtu aliyekufulia soksi kwa miaka thelathini na moja, huna la kumficha.

Kocha alizaliwa milimani, Bonghwa, kijiji ambacho mpira ukitoka nje ya uwanja, mnaufuata hadi kijiji cha pili bondeni. Alifika Uljin tarehe 19 Machi 1984, kijana wa miaka kumi na tisa, njumu zimening'inia shingoni, na mkononi mfuko wa pilipili kavu ambazo mama yake alimtuma amletee kocha. Bahari alikuwa hajawahi kuiona. Waliokuwepo wanasema aliikazia macho kwa muda mrefu, kisha akauliza inafungwa saa ngapi.

Enzi hizo klabu ilikuwa timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha samaki wa makopo. Asubuhi unabandika lebo, alasiri unakimbia. Kocha wa wakati huo alikuwa marehemu Do Hak-jin, mtu wa maneno machache na sigara nyingi.

"Unacheza nafasi gani?" alimuuliza.

"Mshambuliaji, Kocha."

"Haya, piga tuone."

Chun-bae alipiga mipira kumi. Tisa iliruka ukuta na kuangukia kamba za ngisi waliokuwa wanakaushwa nyumba ya pili. Wa kumi ulilenga vizuri zaidi: uliangukia chakula cha mchana cha kocha.

Mzee Do alifuta mchuzi kwenye kola ya shati, akawasha sigara. "Kuanzia leo wewe ni kiungo," alisema. "Ukipata mpira, mpe mtu mwingine. Mtu yeyote yule. Na ufanye haraka."

Agizo hilo alilitii kwa miaka kumi na mitano. Alicheza mechi 388 katikati ya uwanja, jezi namba nane, na pasi zake karibu zote zilikwenda pembeni. Hazikupotea, hilo lazima lisemwe. Mpira ukimfikia Pyo ulikuwa salama kama mtoto aliyelala kwa bibi yake. Ila haukwenda popote. Mashabiki wakamwita Kaa. Katika mji ambao kaa yuko kwenye nembo, kwenye taa za barabarani na kwenye sahani ya kila mgeni, jina hilo lingeweza kuwa heshima. Halikuwa heshima.

Alifunga mabao manne katika maisha yake ya uchezaji, mawili kati ya hayo kwenye goli letu. La kukumbukwa ni la mwaka 1993, mwaka wangu wa kwanza kazini. Alikuwa amekusudia kumpasia beki wa kulia, upepo wa baharini ukauchukua mpira, ukapinda, ukaingia juu kabisa kwenye kona ya goli la wageni. Uwanja mzima ulisimama. Yeye hakujua mtu hufanyaje akifunga. Alimpa mkono mwamuzi. Kisha akamfuata kipa aliyemfunga, akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Samahani sana."

Katikati ya miaka hiyo alikwenda jeshini miezi thelathini, kama wanaume wote wa hapa. Naitaja safari hiyo kwa sababu moja tu. Sisi wanawake wa nchi hii tumesimuliwa na waume zetu habari za mpira waliocheza jeshini mpaka masikio yameota sugu, na kila mmoja wao, kwa maelezo yake, alikuwa nyota wa kikosi. Pyo Chun-bae hajawahi kusimulia hata mechi moja. Mkewe anasema hiyo ndiyo sababu alikubali kuolewa.

Jinsi walivyokutana ni habari inayojulikana soko zima. Bibi Gok Mal-sun alikuwa tayari anauza kaa Jukbyeon, na sauti yake ndiyo hiyo mnayoijua. Meza zipo ishirini na tatu mstari mmoja, kila mwenye meza anaita wateja, lakini mabasi ya watalii yakisimama ni sauti ya Mal-sun inayowafikia kabla mlango haujafunguka. Mwaka 1990 alikwenda uwanjani na dada yake. Dakika ya ishirini alichoka kuvumilia.

"Wewe namba nane! Mbele nako kuna watu! Wamekukosea nini?"

Mashabiki walicheka mpaka mwamuzi akageuka. Kesho yake namba nane alitokea sokoni, akapita meza moja moja akiuliza kwa upole, "Samahani, nani alinitukana jana?"

"Mimi," alisema Mal-sun. "Unanunua au hununui?"

Alinunua. Jumapili iliyofuata alinunua tena. Mtu wa milimani yule, kaa alikuwa hajui hata aanzie mguu upi kumla, na miezi mitatu alikuwa akiwapelekea wenzake bwenini huku yeye akila wali na kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha. Siku Mal-sun alipogundua, alimkalisha kwenye kreti la plastiki, akamvunjia mguu mmoja kwa mkasi, akamwambia, "Vuta." Akavuta. Walioana mwaka 1992, na binti yao Bo-ram akazaliwa miaka miwili baadaye. Tangu hapo Kocha anaitwa Baba Bo-ram nyumbani, na nyumbani ni mahali popote ambapo mkewe anasikika.

Goti lilimstaafisha kucheza mwaka 1999. Akawa kocha msaidizi, na kwa misimu miwili akawa pia dereva wa basi la timu, kazi aliyoifanya kwa mtindo wake ule ule: hakumpita mtu yeyote barabarani. Mwaka 2006, wiki ya kwanza ya msimu, kocha mkuu wetu alihamia klabu nyingine bila hata kuchukua mwavuli wake. Mwenyekiti Eom alimkuta Pyo akijaza upepo mipira.

"Pyo, shika timu mpaka Ijumaa, tutafute mtu."

"Sawa, Mwenyekiti."

Mtu hakutafutwa. Ijumaa ile imechukua miaka kumi na minane.

Kama kocha, alikuwa na mambo yake. La kwanza ni lile koti refu la kijani lenye pamba, lililofika kwenye vifundo vya miguu, ambalo alilivaa kila mechi, Agosti na Desemba. Aliamini ushindi umo ndani ya koti. Mimi niliamini kilichomo ndani ya koti ni kitu kingine, na mwaka 2011 nililifua alipokuwa ameenda kunyoa. Tulifungwa nne bila. Wiki nzima alinisalimia bila kunitazama.

La pili, alipiga marufuku supu ya mwani jikoni siku za mechi. Kila mtu hapa anajua mwani unateleza, na mwanafunzi hapewi supu hiyo siku ya mtihani, asije naye akateleza. Lakini Kocha alikwenda mbali zaidi: hata neno lenyewe lilikuwa halitamkwi ndani ya basi.

Na la tatu, tambi. Kocha hakuweza kumwacha mchezaji nje ya kikosi kwa kubandika karatasi ukutani. Alimchukua, akampeleka kwa mama wa tambi nyuma ya kituo cha basi, akamwagizia bakuli kubwa la tambi za kukatwa kwa mkono, na katikati ya bakuli akamweleza ana kwa ana kwa nini hachezi Jumamosi. Ikafika mahali Kocha akisema "twende tukale tambi," mtu mzima anapauka. Beki wetu Gu Hae-mok aliwahi kuumwa tumbo wiki tatu mfululizo kukwepa bakuli. Wiki ya nne Kocha alimletea uji hospitalini na kumwambia huko huko.

Sasa nifike mwaka 2015, ambao ndio uliosababisha leo tuwe na klabu ya kumuaga mtu.

Msimu ule ulituendea vibaya. Zikiwa zimebaki mechi sita tulikuwa wa mwisho katika ligi, na baraza la wilaya lilikuwa limeshatuandikia barua: timu ikimaliza mkiani, inavunjwa. Wachezaji ishirini na sita, wapishi wawili, dereva, mimi na mashine zangu tatu za kufulia, wote kwaheri. Barua ilibandikwa jikoni, na wapishi wakaifunika kwa kalenda ili watu waweze kula.

Wakati huo huo koo la Kocha likamwacha. Miaka tisa ya kupiga kelele pembeni mwa uwanja ilikuwa imemwotesha vinyama kwenye nyuzi za sauti. Daktari mmoja wa jijini Daegu alivikata, kisha akampa sharti: wiki sita asiseme neno. Hata kunong'ona asinong'one. Akivunja sharti, sauti inaweza isirudi tena. Wiki sita, mechi sita.

Mechi ya kwanza alikuja na ubao mweupe na kalamu. Mvua ikanyesha. Alichoandika kilikuwa kinatiririka kabla hajamaliza kukiinua, na wachezaji wakabaki kuangalia ubao ulioonekana kama dirisha la bafu. Kocha msaidizi wetu, Bwana Bok Jae-ik, ni mtu mwema, lakini ana sauti ya msomaji wa maktaba. Tulifungwa tatu bila.

Mechi ya pili Kocha alibuni ishara. Akishika sikio, timu ikabe juu. Akishika tumbo, ipunguze kasi. Akisukuma hewa kwa viganja, kulia na kushoto, mpira upigwe pembeni. Siku hiyo Mal-sun alimwachia dada yake meza, akaja na chupa ya chai ya shayiri, akaketi safu ya kwanza, nyuma kabisa ya benchi.

Ndani ya robo saa timu ilikuwa hoi. Kocha alishika sikio, wakakaba juu. Akashika tena, wakakaba tena. Akashika mara ya sita, na kiungo wetu Yang Hwi-rak akawa anakimbia mdomo wazi kama samaki wa sokoni. Ndipo ile sauti ikapasuka nyuma yetu.

"Hwi-rak! Acha kukimbia! Hilo si agizo, anajikuna tu!"

Kocha akageuka, akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama.

"Unajikuna, hujikuni?"

Kocha akakubali kwa kichwa.

Kuanzia hapo Mal-sun akawa mdomo wa timu. Kocha akishika tumbo, yeye anatangaza: "Taratibu, wanangu! Baba Bo-ram anasema taratibu!" Akisukuma hewa: "Pembeni! Mmemsikia, pembeni!" Na kwa kuwa hakuweza kupitisha ujumbe bila kutia chumvi yake, aliongeza: "Dol-san, mama yako amekuja kwa basi, mwendo wa saa tatu, kukuona umesimama hivyo?" Dol-san, mshambuliaji wetu, hakusimama tena siku hiyo. Tulishinda moja bila.

Wapinzani wakalalamika. Mwamuzi wa nne akamfuata Mal-sun na kitabu cha kanuni.

"Mama, kanuni zinasema anayetoa maelekezo kutoka kwenye benchi lazima awe amesajiliwa."

"Mimi nimekaa kwenye benchi?"

"Hapana, Mama."

"Nimekata tiketi?"

"Umekata."

"Basi mimi ni shabiki, na shabiki anapiga kelele. Au siku hizi mnataka tushangilie kwa barua?"

Mwamuzi alipekua kitabu mbele na nyuma, akakifunga. Kabla hajaondoka, Mal-sun alimpa chai.

Kwa namna hiyo tulitoka sare mechi ya tatu, tukashinda ya nne, tukatoka sare ya tano. Ikabaki moja, nyumbani, Jumamosi tarehe 14 Novemba. Hesabu ilikuwa nyepesi: tukipata sare tunabaki, tukifungwa tunavunjwa. Na kalenda nayo ilikuwa na ukorofi wake, kwani siku hiyo ilikuwa ya kuzaliwa kwa Kocha, na siku ya kuzaliwa mtu hunywa supu ya mwani. Mal-sun alikuwa ameshaipika. Kocha aliiona sufuria, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

"Haya, haitakukimbilia," alisema mkewe. "Utainywa ukirudi. Ukirudi huna kazi, utainywa na kuosha sufuria."

Sijawahi kuona watu wengi vile uwanjani kwetu. Hata wauza kaa walifunga meza zao. Tulifungwa dakika ya tisa, Dol-san akasawazisha kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili kikawa cha kuumiza roho. Mimi nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi na taulo mapajani, na nadhani nilikuwa nimeng'ata kona yake.

Dakika ya themanini na tatu, bado bao moja kwa moja. Hwi-rak akapata mpira katikati ya uwanja. Kocha, ndani ya koti lake la kijani, alikuwa anasukuma hewa kama mtu anayefungua mapazia: kulia, kushoto, kulia, kushoto. Pembeni, pembeni, tumalize mechi, twende nyumbani. Mal-sun aliona ishara ile. Mtu asiseme hakuiona. Alikuwa mita tatu nyuma yake. Akavuta pumzi.

"Mbele! Hwi-rak, mbele!"

Hwi-rak alisita. Macho yake yalikuwa kwa Kocha aliyesema pembeni, masikio yake kwa mwanamke aliyesema mbele. Ameniambia baadaye kwamba hakuchagua, mguu ulichagua wenyewe. Mpira ukaenda mbele, ukapita kati ya mabeki wawili, Dol-san akaupokea.

Na hapo tukasikia kitu kingine, sauti kavu yenye mikwaruzo, kama kreti linaloburutwa sakafuni. Ilikuwa ya Kocha. Alikuwa amegeukia jukwaa, mgongo kwa mchezo, kidole juu.

"Mama Bo-ram! Nimesema pembeni!"

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza baada ya siku arobaini na moja, ikiwa imebaki siku moja tu sharti la daktari liishe. Na kwa sababu ya kuyasema, ndiye mtu pekee uwanjani ambaye hakuona bao letu la pili.

Mngedhani habari iliishia hapo. Dakika ya pili ya nyongeza wageni walipiga kona, vichwa vikagongana, mpira ukaingia kwetu. Mbili kwa mbili. Filimbi ikalia mpira ukiwa bado katikati ya uwanja. Watu walipiga hesabu kwa vidole, na kila aliyeimaliza aliruka. Maana bila lile bao la pili, kona ile ingekuwa msumari wetu. Tungefungwa mbili kwa moja, na leo uwanja huu ungekuwa maegesho.

Mwandishi wa gazeti la hapa, Bwana Ham, alimkimbilia Kocha na kinasa sauti. "Kocha, ujasiri ule wa kubadili mbinu dakika ya themanini na tatu, uliutoa wapi?"

Nilikuwa pale, nimebeba gunia la jezi zilizolowa. Kocha alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Cheti cha daktari kilikuwa mfukoni, na hakuna mtu ambaye angemlaumu kwa kutabasamu na kupita. Alichukua ubao, akaandika polepole, herufi kubwa, akaugeuza: "Mimi nilisema pembeni. Mke wangu ndiye aliyesema mbele."

Bwana Ham alicheka akidhani ni utani. Kocha akachukua tena kalamu, akapiga mstari chini ya "mke wangu". Akafikiri kidogo, akaongeza mstari wa pili.

Gazeti lilitoka na picha ya Mal-sun ameshika kaa kila mkono. Baraza la wilaya likairudisha barua yake kabatini. Kocha alikunywa mabakuli mawili ya supu ya mwani, sufuria akaiosha mwenyewe ingawa kazi alikuwa nayo. Lakini nyumbani kulikuwa na ukimya wa siku tatu. Yeye alirudia kunyamaza kwa hofu ya koo lake, na Mal-sun alinyamaza kwa sababu alifokewa mbele ya soko zima. Siku ya nne, kwa sauti iliyorudi ikiwa nzito kidogo kuliko ile ya zamani, Kocha alimuuliza, "Uliona nini ambacho mimi sikukiona?"

"Kipa wao," alisema Mal-sun, akipanga kaa wake. "Alikuwa amesimama kama mteja asiye na nia ya kununua. Amejitenga na meza, anaangalia kwingine. Mtu wa namna hiyo unamrukia hapo hapo."

Kocha alitoa daftari lake la mbinu akayaandika hayo humo neno kwa neno. Ninalijua hilo daftari. Yamo hadi leo, ukurasa wa kwanza.

Msimu uliofuata chama cha ligi kiliomba kwa heshima kwamba Bibi Gok ahamie safu ya kumi. Akahama. Alisikika vile vile.

Kuhusu mafanikio, ofisi ya habari ilikuwa imeandika "mengi yasiyohesabika". Mimi nimeyahesabu. Kocha Pyo hakuwahi kutwaa ubingwa. Nafasi yake ya juu kabisa ni ya nne, mwaka 2019, na kikombe chake pekee ni cha timu yenye nidhamu, mwaka 2017, ambacho kipo jikoni na kinawekewa vijiko. Wachezaji 211 wamepita mikononi mwake. Mmoja alifika daraja la kwanza. Wengine ni zimamoto, waokaji mikate, walimu, na Gu Hae-mok, yule wa tumbo, amefungua duka la tambi. Kila mwaka mpya wa kalenda ya mwezi simu ya Kocha inaita kuanzia asubuhi, na kwa kila mmoja swali lake ni moja: "Unakula vizuri?" Yang Hwi-rak ndiye atakayeshika timu kuanzia kesho yake.

Kocha hatakaa bure. Jumatatu ijayo anaanza kazi kwenye meza ya mkewe. Nilimuuliza Mal-sun kama mumewe ataruhusiwa kuita wateja. Alisema mchezaji mpya huanzia benchi.

Nina moja la mwisho, na hili ni langu mwenyewe.

Mwaka 2009 mume wangu, aliyekuwa fundi wa injini za boti hapo bandarini, alifariki ghafla. Kocha na wachezaji wanane ndio waliobeba jeneza. Nilirudi kazini siku ya nne kwa kuwa nyumbani palikuwa kimya mno. Saa moja asubuhi Kocha akaingia chumba cha kufulia.

"Nimekuja kukagua jezi, Bi. Seok," alisema.

Hakuna kocha anayekagua jezi. Alivuta kiti, akachukua jezi moja kwenye kapu, akaanza kukunja. Hakusema neno la pole, wala hakuniuliza naendeleaje. Alikunja mpaka kapu likaisha, akainama, akatoka. Kesho yake akarudi. Alikuja kila asubuhi, Jumapili pamoja, mpaka tulipomaliza ibada ya siku ya arobaini na tisa, ile ya kumaliza msiba. Siku ya hamsini hakuja.

Sasa, Kocha Pyo alikunja jezi jinsi mtu anavyofunga samaki kwenye gazeti. Mikono ilikuwa nje, kola ndani, namba zimekunjwa katikati. Kila siku akishatoka, nilizimwaga zote na kuzikunja upya moja baada ya nyingine, na kazi hiyo ilinichukua mpaka saa nne. Hiyo ndiyo sababu niliweza kuifikia saa nne ya asubuhi, siku zote zile.

Sijawahi kumwambia. Leo namwambia, tena kwa maandishi, ili asipate nafasi ya kuniomba samahani.

Kocha, kwa niaba ya wachezaji wote, wapishi, dereva, Bwana Bok na mashine zangu tatu: tunakushukuru. Goti lipone, sauti idumu, meza yenu isikose wateja. Nenda ukapumzike, Baba Bo-ram, ule vizuri, na maisha yawe mema kwako. Koti liache hapa. Nitalifua Jumatatu.